Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Kipindi cha Runinga Kikomeshwe Kingali Kinatazamwa?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Dada yangu anaishi Atlanta nchini Marekani, na kwa miaka mingi alikuwa akitazama shindano la maswali la Who Wants to Be a Millionaire kila siku ya kazi, kisha tukipigiana simu ananisimulia maswali yaliyoulizwa. Mwaka 2019 kipindi hicho kilikomeshwa baada ya misimu 17. Anasema kilikuwa bado na watazamaji, na kwamba Wheel of Fortune na Jeopardy!, vipindi vya mashindano ambavyo ni vikongwe zaidi, vinaendelea hadi leo. Ni nani hasa anayeamua mambo haya, na anaamua kwa misingi gani? – Msomaji wa Umoja, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, dada yako anasema kweli, watazamaji walikuwepo hadi siku ya mwisho. Jibu la swali lako limo katika namna kipindi hicho kilivyouzwa, na naomba univumilie niieleze biashara hiyo kwa utaratibu, kwa kuwa anayeifahamu hashangai tena kuona kipindi chenye watazamaji wengi kikifungwa.

Marekani ina mitandao mikubwa ya runinga, kama vile ABC, CBS na NBC, ambayo hupeleka vipindi vyake kwa vituo washirika kote nchini. Kipindi cha mtandao hufungwa na wakuu wa mtandao wenyewe. Wakikaa kikao wakaamua, basi kimefungwa. Lakini ziko saa nyingi za siku, hasa za asubuhi, alasiri na mapema jioni, ambazo kila kituo huzijaza chenyewe, na hizo ndizo saa zinazopiganiwa na kampuni za usambazaji. Mwuzaji wa kampuni ya aina hiyo huenda kwa kituo cha Chicago, akatoka hapo akaenda kwa kile cha Houston, kisha cha Boston, akitia saini mkataba mmoja baada ya mwingine hadi kipindi kienee nchi nzima. Ndiyo maana kipindi kimoja huonekana saa moja jioni katika mji huu, saa tano asubuhi katika mji wa pili, na katika mji wa tatu usiku wa manane, wakati walio wengi wamelala. Kipindi alichokipenda dada yako kilikuwa cha aina hii tangu Septemba 2002.

Malipo nayo yana sura mbili. Kituo hulipa fedha taslimu ili kipate haki ya kuonyesha kipindi, au humwachia msambazaji sehemu ya dakika za matangazo ya biashara zilizomo ndani ya kipindi, na mara nyingi hufanya yote mawili. Dakika zinazobaki, kituo huziuza kwa wauza magari, mawakili na wenye maduka wa mji wake. Zile za msambazaji huuzwa kwa kampuni kubwa zinazotaka kuonekana nchi nzima, na hapa ndipo penye roho ya biashara yote, kwa sababu kampuni ya bima au ya dawa haiwezi kulipa bei nzuri endapo kipindi hakionekani New York na Los Angeles, au kinaonekana huko katika saa isiyo na watu.

Kwa hiyo mwisho wa kipindi huanza kimyakimya, miaka kadhaa kabla ya tangazo lolote. Kituo cha mji mmoja mkubwa, mkataba unapokwisha, huamua kukihamisha kipindi kutoka saa kumi na moja jioni hadi saa nane mchana ili nafasi hiyo ichukuliwe na taarifa ya habari. Watu waliokuwa wakikitazama baada ya kutoka kazini hawawezi kukifuata saa nane, kwa hiyo idadi yao hupungua. Na kwa kuwa mji huo ni mkubwa, bei ya dakika za msambazaji hushuka kwa jumla, wala si katika mji huo peke yake. Ili kujihami, msambazaji hubana matumizi: zawadi hupungua, studio ikahamia mahali pa bei nafuu. Mwaka unaofuata vituo vingine viwili vitatu huziona takwimu zimeshuka, vikadai punguzo au vikakisukuma kipindi hadi saa mbaya zaidi. Hatimaye hufika siku ambapo mapato yanayotarajiwa katika msimu ujao hayatoshi kulipia utayarishaji wake. Tangazo linalotolewa siku hiyo husomwa na watu kama uamuzi wa ghafla, ilhali ni matokeo ya mikataba iliyopotea mmoja mmoja. Kipindi ni mpangaji katika nyumba ya mwenye kituo, na mpangaji anayelipa kodi kila mwezi bado anaweza kuondolewa akitokea mwingine wa kulipa zaidi.

Na mpangaji huyo mwingine mara nyingi huwa ni taarifa ya habari. Vituo vya Marekani vimeongeza saa za habari kwa sababu watayarishaji, kamera na wasomaji wameajiriwa tayari, na kila dakika ya tangazo inayouzwa ndani ya habari ni ya kituo chenyewe, bila kugawana na mtu. Kipindi cha mashindano, hata kikipata watazamaji wengi kuliko habari hizo, huenda kikakiachia kituo faida ndogo zaidi. Hesabu hii ndiyo inayomwumiza mpenzi wa kipindi kuliko zote, maana haina uhusiano wowote na ubora wa alichokuwa akikitazama.

Utauliza basi ni kwa nini vipindi hivi hudumu miaka mingi kiasi hicho kabla ya kuondolewa. Hudumu kwa sababu utayarishaji wake ni wa gharama ndogo. Studio ni moja, hakuna waigizaji wa kulipwa, hakuna safari, na Jeopardy! hurekodi vipindi vitano kwa siku moja, yaani wiki nzima ya matangazo hukamilika kati ya asubuhi na jioni. Tamthilia ya runinga ikipoteza theluthi moja ya watazamaji wake huwa taabani mara moja; kipindi cha mashindano huweza kupoteza kiasi hicho na bado kikaendelea kwa miaka. Ndiyo sababu kinapokomeshwa huwa tayari kimekuwa sehemu ya maisha ya nyumba nyingi, na pigo lake huhisiwa zaidi.

Sasa tukitazame kipindi chenyewe ulichouliza. Kilizaliwa Uingereza katika kituo cha ITV mnamo Septemba 1998, kikaingia ABC ya Marekani Agosti 1999 kikiendeshwa na Regis Philbin, na katika kilele chake kilitazamwa na watu karibu milioni 30 kwa usiku mmoja. ABC ikakipenda kupita kiasi, ikawa inakionyesha siku kadhaa kwa wiki, na kufikia mwaka 2002 watazamaji wa usiku walikuwa wamekichoka. Toleo la kila siku, lile la kuuzwa kituo kwa kituo, lilianza mwaka huohuo chini ya Meredith Vieira, naye akaliongoza hadi mwaka 2013. Baada yake walikuja Cedric the Entertainer, Terry Crews na Chris Harrison, waendeshaji watatu katika muda wa miaka sita.

Kanuni nazo zilichezewa. Mapema mwaka 2010 ule msaada wa kumpigia simu rafiki uliondolewa, kwa kuwa rafiki aliyeko nyumbani alikuwa sasa na intaneti mbele yake na angeweza kulitafuta jibu badala ya kulijua. Jambo hilo lilikuwa na sababu ya haki. Lakini baadaye mwaka huo watayarishaji walikiondoa kiti maarufu cha mshindani na kuyachanganya maswali, hata mtu hakujua tena kama swali linalofuata ni jepesi au gumu. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililokijeruhi kipindi kuliko kubadilishwa kwa waendeshaji, kwa sababu uzuri wake wote ulikuwa katika kupanda hatua kwa hatua, kutoka swali ambalo mtoto analiweza hadi lile linalomfanya mtu mzima ashike kichwa. Mwaka 2015 mpangilio wa zamani ulirejeshwa, ila wengi waliokwisha kuzoea kufanya jambo jingine saa hiyo hawakurudi. Utayarishaji nao ulihama kutoka New York hadi Connecticut, kisha Las Vegas. Mwaka 2019 ukawa wa mwisho.

Kuhusu vile vikongwe viwili, historia yake inaanza na sheria. Tume ya serikali ya Marekani inayosimamia mawasiliano, FCC, ilitunga kanuni iliyoanza kutumika mwaka 1971, ikiizuia mitandao mikubwa kuichukua jioni yote katika miji 50 iliyo mikubwa zaidi, na kuvizuia vituo vya mitandao hiyo katika miji hiyo kuijaza nafasi iliyoachwa kwa marudio ya vipindi vya mtandao. Pakatokea nusu saa tupu kila jioni kabla ya vipindi vikuu vya usiku, na hakukuwa na kitu rahisi cha kuijaza kuliko vipindi vya mashindano. Vipindi kama The Joker's Wild, Tic-Tac-Dough na toleo la jioni la Family Feud vilinawiri katika nafasi hiyo. Kisha Septemba 1983 Wheel of Fortune ya jioni ikaanza kuuzwa kituo kwa kituo na kampuni ya King World, na mwaka uliofuata, 1984, ikafuatwa na Jeopardy! ya Alex Trebek. Viwili hivyo vikazitwaa jioni za miji mingi. The Joker's Wild na Tic-Tac-Dough vilikoma vyote viwili mwaka 1986.

Mwaka 1996 mambo yalibadilika tena, na nadhani mwaka huo haupewi uzito unaostahili. Kanuni ya 1971 ilifutwa, kwa hiyo vituo vya miji mikubwa vikawa huru kuijaza nafasi ya jioni kwa marudio ya vichekesho vilivyokwisha kupata umaarufu. Sheria mpya ya mawasiliano iliondoa kikomo cha idadi ya vituo ambavyo kampuni moja ingeweza kuvimiliki nchini, na tangu hapo kampuni kama Sinclair na Nexstar zimekusanya vituo vingi mno. Mahali ambapo zamani mwuzaji alikataliwa na kituo kimoja, sasa anaweza kukataliwa na makumi ya vituo katika kikao kimoja. Na Septemba mwaka huohuo Judge Judy kilianza, kikathibitisha kwamba kesi ndogondogo za majirani zinaweza kuvuta watu mchana bila zawadi kubwa wala magurudumu ya kuzungusha. Saa za mchana ambazo kipindi cha mashindano kilichozeeka kingezikimbilia zikawa na ushindani mkali.

Katika hayo yote Wheel na Jeopardy! zimelindwa na jambo moja. Mwenye kituo akiziacha leo, mpinzani wake katika mji huohuo atazichukua kesho, na watazamaji wengi watahama nazo. Millionaire haikuwa na kinga hiyo katika miaka yake ya mwisho, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kusukumwa hadi saa ambazo hakuna aliyekuwa akizipigania.

Nisingependa kuliacha suala la umri, kwa sababu linanigusa. Wanaonunua matangazo Marekani hulipa zaidi kwa ajili ya watazamaji wa miaka 18 hadi 49, au 25 hadi 54, ilhali wapenzi wakubwa wa vipindi hivi ni watu waliovuka umri huo. Mama mzee wa miaka 70 ambaye hajakosa kipindi hata siku moja tangu ujana wake, katika hesabu hiyo huhesabiwa kwa thamani ndogo kuliko kijana anayepita chumbani huku akitazama simu yake. Kipindi huweza basi kuwa na idadi kubwa ya watazamaji na bado kikaonekana hafifu katika safu ya takwimu inayotazamwa na mnunuzi. Naliona jambo hili kuwa dhuluma kwa watu waaminifu kuliko wote, nami sijasikia hoja yoyote ya kibiashara iliyonifanya nilione vinginevyo.

SWALI: Nimesikia ikisemwa kwamba kipindi cha namna hii hufa mwendeshaji wake anapofariki au kustaafu. Je, ni kweli? Na kipindi kilichokomeshwa chaweza kurudi? – Msomaji wa Donholm

JIBU: Kuna ukweli ndani yake, ingawa mifano inagongana. Jack Barry, aliyeanzisha na kuendesha The Joker's Wild, alifariki mwaka 1984. Mahali pake pakachukuliwa na Bill Cullen, mwendeshaji mwenye ujuzi mkubwa, na bado kipindi kilimalizika miaka miwili baadaye. Katika Hollywood Squares, Whoopi Goldberg alikuwa ndiye mvuto mkubwa tangu kiliporudi mwaka 1998. Aliondoka mwaka 2002, na kipindi kikafungwa mwaka 2004. Kwa upande wa pili, Alex Trebek alifariki Novemba 2020 baada ya zaidi ya miaka 36 katika Jeopardy!, na kipindi kinaendelea kikiendeshwa na Ken Jennings, yuleyule aliyeshinda michezo 74 mfululizo mwaka 2004. Pat Sajak alistaafu Wheel of Fortune mwaka 2024 na Ryan Seacrest akaishika nafasi yake.

Tofauti naiona katika hali ya kipindi siku mwendeshaji anapoondoka. Kilicho katika saa nzuri, chenye mikataba ya miaka ijayo, hupata muda wa kumzoeza mtazamaji sura mpya. Kilicho tayari kinapoteza vituo hakipewi muda huo, kwa kuwa mabadiliko ya mwendeshaji humpa mwenye kituo sababu aliyokuwa akiitafuta ya kutouongeza mkataba. Millionaire ilipitia mabadiliko hayo mara tatu baada ya Vieira, kila mara ikiwa dhaifu kuliko mara iliyotangulia.

Kuhusu kurudi, Family Feud ndiyo ushahidi bora. Ilianza mwaka 1976 katika ABC chini ya Richard Dawson, ikapata toleo la jioni la kuuzwa kituo kwa kituo mwaka 1977, na yote mawili yakakoma mwaka 1985. Ikafufuliwa mwaka 1988 na Ray Combs. Takwimu zilipoporomoka Dawson aliitwa tena mwaka 1994, lakini hakuweza kuiokoa, nayo ikafungwa mwaka 1995. Ikarudi mara ya pili mwaka 1999, ikapitia waendeshaji watatu bila kung'ara sana, hadi Steve Harvey alipoichukua mwaka 2010. Tangu hapo ilipanda hadi ikawa inashindana na Wheel na Jeopardy! kileleni, na Harvey akaendesha hata toleo la Afrika Kusini. Kanuni za mchezo zilibaki zilezile kwa sehemu kubwa. Kilichobadilika ni kwamba majibu ya ajabu ya washindani, pamoja na uso wa Harvey anapoyasikia, yaligeuka vipande vifupi vya kusambazwa mtandaoni, na watu wasiokuwa na mazoea ya kukaa mbele ya runinga saa hiyo wakakifahamu kipindi kupitia simu zao. Mwenye haki za mchezo uliokomeshwa hazitupi haki hizo, kwa sababu anajua kwamba jina linalojulikana ni rahisi kuuza kuliko jina jipya.

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Nairobi. Wanafunzi wangu hawaamini ninapowaambia kwamba zamani tulikuwa na mashindano ya maswali katika runinga zetu yaliyotazamwa na nchi nzima. Yetu yalikomeshwa na mambo hayohayo ya Marekani? – Mwalimu, Eastleigh

JIBU: Hapana, Mwalimu, kwa sehemu kubwa. Hapa kwetu hakuna soko la kuuza kipindi kwa mamia ya vituo vya miji. Kipindi hutegemea mdhamini mmoja, na jina la mdhamini huyo mara nyingi huwa ndilo jina la kipindi. Waliokuwa wakitazama KBC katika miaka ya 1990 wanaikumbuka Omo Pick a Box, ambayo jina lake lilitamka wazi sabuni iliyokuwa ikiilipia.

Mfano ulio wazi zaidi ni Celtel Africa Challenge, shindano la maswali la wanafunzi wa vyuo vikuu lililoanza mwaka 2007 likihusisha vyuo vya Kenya, Uganda na Tanzania kabla ya kupanuka hadi nchi nyingine, likiendeshwa na John Sibi-Okumu kwa ustadi ambao bado sijauona tena katika kazi ya namna hiyo. Mwaka 2008 kampuni ya simu ya Celtel ilichukua jina la Zain, na shindano likaitwa Zain Africa Challenge. Mwaka 2010 biashara ya Zain katika nchi nyingi za Afrika ilinunuliwa na Bharti Airtel ya India, na shindano halikuendelea chini ya mwenye mali mpya. Hapakuwa na mlolongo wa vituo vinavyojiondoa kimoja kimoja, wala mwendeshaji aliyestaafu. Mfuko uliokuwa ukililipia ulikuwa umehamia mikononi mwa watu wengine wenye mipango mingine.

Kwa hiyo udhaifu wetu na wao unatofautiana. Kipindi cha Marekani kinaweza kupoteza kituo cha Houston na kikaishi miaka mitano zaidi kwa nguvu ya vituo vilivyobaki. Chetu kikimpoteza mdhamini wake, msimu unaofuata haupo. Ukitaka kuwaeleza wanafunzi wako kilichotokea, Mwalimu, wape kwanza habari za kuuzwa kwa kampuni hiyo ya simu mwaka 2010, na kama mna shindano la maswali baina ya shule ambalo mnataka lidumu, litafutieni wafadhili watatu au wanne wadogo kabla ya kumpokea mmoja mkubwa, na haki ya jina la shindano ibaki mikononi mwa shule zenyewe.